Chumba Chako na Sheria ya Theluthi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ingawa hukuuliza. Halmashauri imeruhusu biashara ndogo kwenye nyumba za kuishi mtaani kwetu, mradi isizidi theluthi ya nyumba. Saluni yangu imechukua sebule, chumba kimoja kati ya vitatu; kingine tunalala mimi na Mama, na kingine ni chako. Hesabu ikakaa sawasawa.

Juzi akaja mkaguzi. Akafungua chumba chako, akabonyeza godoro.

"Hapa halali mtu. Kinachokaliwa ni kimoja tu, kwa hiyo saluni ni nusu ya nyumba. Nafunga."

Mama akamwambia, "Mwanangu yuko kazini."

"Anarudi saa ngapi?"

"Mwaka wa nne huu tunamsubiri, baba. Kaa unywe chai."

Katupa muda hadi mwisho wa mwezi. Saluni hii nimeijenga kwa vidole vyangu, haitakufa kwa ajili ya godoro. Njoo ulale. Ukikoroma ndiyo vizuri, mkaguzi akusikie toka barabarani.

Usijidanganye kwamba tumekukumbuka, ni sheria tu. Mimi nilitaka kumweka mpangaji yaishe. Mama ndiye aliyekataa, eti kitanda kina mwenyewe.

Dada yako,
msusi wa sebuleni