Mstari Nisiouomba

Jumanne, 9 Februari 1988
Ikutha. Jua, vumbi, maharagwe tena. Miaka minne natafuta hii Ph.D. – kwa nini maendeleo yanashika Makueni na kuteleza huku Kitui – na nimechoka. Makueni nilimaliza mwaka jana. Huku, kina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wanaochimba silanga, bwawa la kijiji, wananijibu kama karani wa kodi: ndiyo, hapana, asante. Leo Syombua, mwenyekiti wao, amenitolea uvivu. Mtu aliyekaa kivulini na kalamu hawana la kumwambia.

Basi kesho nashika jembe. Kubembeleza kumenishinda.

Ijumaa, 12 Februari
Mgongo! Viganja ni malengelenge matupu. Tangu Jumatano nachimba nao, na wamefunguka: nani alikosa kazi akatozwa kuku, nani anajificha akisikia filimbi, kwa nini Mulei, naibu wa chifu, hapendwi. Nimepata mengi kuliko mwezi mzima wa maswali. Leo wametia jina langu kwenye wimbo wa kuchimba. Kivuva huyu, Kivuva yule. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Jumatano, 17 Februari
Mulei alikuja lodging ninakolala. Hakukubali kuketi. Ati natafuta kiti cha ubunge? Kura ya mlolongo ni Jumatatu, na mtu wa chuo kikuu anachimba silanga na kina mama – yeye si mjinga. Nikampa kibali cha utafiti. Akakisoma mbele na nyuma. Akasema kibali kinaweza kurudi Nairobi, na mimi pamoja nacho.

Mkuu wa idara chuoni alinionya vilevile: soma siasa, usiiguse. Kibali kikienda, tasnifu imekufa. Na bila Ph.D. mkataba wangu wa kufundisha hauongezwi. Nimeacha kuchimba.

Jumatatu, 22 Februari
Niko kwenye benchi koridoni, nje ya ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa.

Nilienda uwanja wa shule kutazama tu! Wagombea wawili, kila mmoja na mtu wake ameshika picha, wapiga kura wajipange nyuma. Mimi nikasimama mbali, karibu na choo. Syombua akaja, akasimama nyuma yangu. Nikadhani anataka kunisalimu. Akaja mwingine. Nikasogea – wakasogea. Nikageuka, mstari umefika golini.

“Mwaitu, mama yangu, mimi si mgombea. Nendeni kwa wale.”

“Wewe ulitufanyia kazi,” akasema. “Hao wengine, nani ashawahi kuja na jembe? Leo ni siku yako. Sisi tumekuja.”

Ndiyo mwethya. Ukiwalimia wenzako, siku yako ikifika wanakuja wote, bila kuitwa. Mimi ni Mkamba, mtoto wa mama aliyelimiwa hivyo. Nimeandika sura nzima juu ya jambo hili, na tanbihi juu! Sikuliona likija.

Kelele. Filimbi. Mulei akanishika mkono mbele ya watu wote, akanileta hapa.

D.O. si mtu mbaya, amechoka tu kama mimi. Kibali kiko mezani kwake. Anasema nitarudishiwa nikitoka uani niwaambie kina mama kwa sauti, Mulei akisikia, kwamba sikuwaomba kitu na msaada wao siutaki. Maneno machache tu, akasema, halafu uende ukamalize kitabu chako.

Maneno machache! Kukataa mwethya hadharani – hapa huwezi kumtukana mtu zaidi ya hapo. Nisipoyasema, miaka minne imekwenda na maji. Naogopa. Nina hasira pia, na sijui ni ya nani.

Kina mama wamenifuata; wameketi uani chini ya ukuta, wanasokota kamba za kusukia vyondo, wananisubiri. Mulei ameita jina langu. Nimesimama, daftari bado mkononi. Syombua ameniona mlangoni – ameinuka, amejipangusa vumbi, na wenzake wanajipanga nyuma yake, mmoja mmoja, wananyoosha mstari