Chifu Hataki Chuma

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimempanda Chifu mpaka mtoni na kurudi, bila chuma mdomoni, mkono mmoja kiunoni kama gavana.
Uongo. Nimekaa mgongoni muda wa kupiga chafya, halafu nikatua kwenye mavi yake. Mabichi. Mama Chebet ameona kila kitu kutoka jikoni na hakucheka. Hiyo ndiyo imeniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Farasi ni wa Mama Chebet, hapa Yamumbi. Marehemu mume wake alimnunua kwa watu waliokuwa wakimfunga waya mdomoni. Ulimi una kovu mpaka leo. Akiona chuma tu, anasimama kwa miguu miwili. Mimi nilikuwa saisi, mtunza farasi, nikiwa na nguvu zangu, ndiyo maana Mama ameniita. Ameniambia wazi: akitulia, atabaki. Asipotulia, aende, anamaliza tu majani ya ng'ombe.
Jina la Chifu nimempa mimi. Anakula, hafanyi kazi, na ukimgusa anakasirika.

Jumatano, 12 Machi
Kamba tu, juu ya pua. Navuta kidogo upande mmoja. Akigeuza shingo hata kidogo, naachilia. Vuta, achilia. Asubuhi yote. Ameniuma bega. Nimemtukana kwa lugha tatu na amenisikiliza kuliko watoto wangu.

Jumanne, 25 Machi
Amesimama. Bila kuvutwa. Nimetoa pumzi yote, nikakaa mzito mgongoni kama gunia la mahindi, naye akasimama.
Nimelia. Mzee mzima, na mavi ya farasi kwenye suruali.

Jumapili, 6 Aprili
Nimefanya ujinga. Badala ya kwenda kanisani kwa miguu kama wenye dhambi wengine, nimekwenda juu ya Chifu, wakati watu wanatoka. Mbele ya mlango nikaachilia kamba, nikainua mikono yote miwili kama mhubiri. Chifu kimya. Watoto wakamshika pua. Mchungaji mwenyewe hakuna aliyemwangalia. Nilifurahi vibaya sana.
Kulikuwa na mgeni, mtu wa Moiben mwenye shamba kubwa. Akamzunguka Chifu polepole. Akamuuliza Mama Chebet, si mimi: "Mama, huyu anauzwa?"
Mama akaangalia mawingu kwanza.

Jumatano, 9 Aprili
Ameuzwa.
Mama Chebet amekuja mwenyewe na themosi ya chai. Hakukaa. "Mzee, nilisema atabaki. Najua nilisema. Lakini mvua imeanza na sina mbegu."
Farasi si wangu. Kama ningemwacha na ukorofi wake, hakuna ambaye angemtaka hata bure. Mimi ndiye nimemuuza, mikono miwili juu.

Ijumaa, 11 Aprili
Lori lilikuja. Vijana wa Moiben wakavuta, wakasukuma, wakapiga. Chifu akavunja ubao. Mmoja akatoa hatamu yenye chuma kwenye gunia.
Nikasema ngoja.
Nikachukua kamba, nikapanda lori bila kuangalia nyuma. Kamba ililegea mkononi mwangu njia yote. Alinifuata mpaka ndani. Nikamfunga. Nikashuka. Nafikiri alidhani naenda kumletea majani.
Ile hatamu wameirudisha kwenye gunia. Hawakuitupa.

Jumapili, 13 Aprili
Sikuenda kanisani. Mvua. Nimefagia banda ambalo halina mtu.
Otieno jirani yangu huchukua maziwa Moiben kila asubuhi na pikapu. Otieno, naandika hapa kwanza, mpaka nipate mdomo wa kukuambia. Siku ya mahari ya kijana wako nilikaa upande wenu kama mjomba, Mkalenjin mimi, Kijaluo sijui hata neno, nikatingisha kichwa mpaka watu wa msichana wakapunguza ng'ombe. Sijawahi kukuomba kitu kwa hiyo kazi. Sasa naomba. Ukipita kwa yule mtu, punguza mwendo, mwangalie Chifu mdomoni. Kama ana kamba tu, niambie.
Kama ni chuma, nidanganye.