Mama na Kochi la Mchungaji

Jumatatu, 3 Juni

Itangazwe kwa mataifa yote, makubwa kwa madogo: kochi la mchungaji limekwisha! Sponji mpya, kitambaa cha zambarau, msumari hauonekani hata mmoja. Tatizo — mama yangu kalilalia. Tangu tumbo lianze kumsumbua, kitandani hapati usingizi. Hapo karakanani anakoroma kama jenereta. Ijumaa anapasuliwa. Nani atamwinua? Si mimi.

Jumanne, 4 Juni

Mchungaji kaja na mtu wa mkokoteni kuchukua mali yake. Kamkuta mama juu ya mali. "Shikamoo, mama." Basi. Mkokoteni akaurudisha mtupu, yeye akakaa kwenye kigoda changu chenye gundi. Suruali ile ndiyo kwaheri. Mimi nikaendelea kugonga misumari.

Mama akamwambia anataka kubatizwa kabla ya kisu. Ila ana sharti: neno "Baba" lisitajwe. Mungu, sawa. Bwana, sawa. Mwenyezi, sawa. Baba, hapana.

Mchungaji akanitazama. Mimi nikaitazama nyundo.

Marehemu baba yangu alikuwa na mkanda. Tuishie hapo. Kina mama wengine huwaita watoto wao wa kiume "baba", kwa mapenzi tu. Wangu hajawahi. Mimi ni "wewe fundi".

Jumatano, 5 Juni

Karudi, kavaa suruali nyingine. Mama kamhoji kama polisi.

Mungu hukasirika? Hukasirika, anasema mchungaji, ila si mwepesi wa hasira. Na hasira yake ni juu ya uovu, si juu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga. Ana huruma? Kuliko mama anayenyonyesha. Hubadilika jioni? — kauliza hivyo hivyo! Habadiliki. Alivyo asubuhi ndivyo alivyo usiku.

"Basi aliniona nikipigwa."

"Alikuona, mama."

"Akanyamaza?"

Nikaacha kugonga. Nilitegemea hotuba, watu hawa hawakosi hotuba. Akasema tu, kwa sauti ya chini: Mungu hakubaki mbali. Alikuja mwenyewe, ndani ya Mwanawe, na Mwana naye akachapwa. Ukitaka kujua Baba yukoje, mtazame huyo. Usimtazame mumeo.

Mama akageukia ukutani. Nikadhani kalala. Lakini hakukoroma.

Alhamisi, 6 Juni

Kaamka kabla yangu. Gauni jeupe, kitambaa kichwani, kakaa wima kama bibi harusi juu ya zambarau ya watu.

"Kochi ni la mchungaji," kaniambia bila kunitazama. "Hajalidai. Hata kununa hajanuna. Sasa kama mtumishi tu yuko hivi..." Hakumalizia. Akapangusa mkono wa kochi, palipokuwa safi tayari. "Mwambie ayaseme maneno yote. Na lile pia. Nimwone huyo Baba."

Mchungaji kafika, kakunja mikono ya shati. Nimefagia nyuzi, nimeweka beseni juu ya meza ya kukatia vitambaa. Macho yananiwasha — vumbi la sponji hilo.

Mama kanigeukia. Sauti ndogo, sijawahi kuisikia.

"Haya baba, lete maji."

Baba! Mimi!

Nimekimbilia jikoni, nimefungua bomba mpaka mwisho. Nimesimama hapa, naandika. Wananisubiri.

Maji yamekatika.