Ukweli Wote Niliomwambia Mnunuzi wa Peugeot

Mshauri mpendwa, Bwana asifiwe. Naomba unisaidie, na nakuandikia nikiwa ndani ya gari yenyewe, Peugeot 404 ya mume wangu Absalom, ambayo tangu injini ife imekaa juu ya mawe nyuma ya jikoni, na sasa anataka kuiuza anunue pampu ya kumwagilia nyanya, nami kwa mdomo sijakataa, lakini mshauri, nyumba yetu ina mama mkwe, wajukuu na televisheni, na mahali pekee ninapoweza kufunga mlango nikaomba ni humu, nina mto wangu na njugu kidogo, hakuna anayeniita. Basi akaja mnunuzi kutoka Kisumu mjini, Bwana Irungu, anayefufua magari ya zamani, Absalom akaniachia nimwonyeshe, nami nikamwonyesha kutu yote, nikainua zulia aone nyasi zilizoota kupitia sakafu iliyotoboka, nikamweleza hata habari ya nyoka aliyezalia kwenye buti, yote kweli tupu, nikijua atatoroka. Yeye akapiga magoti, akaipapasa ile kutu kama mgongo wa mtoto.

"Mama," akasema, "wengine hupaka rangi kunidanganya. Wewe nakuamini. Jumamosi naleta breakdown ya kulivuta."

Absalom aliposikia hayo kwa Irungu akasimulia kanisani, mchungaji akanisimamisha kama mfano wa mama mkweli, wakanipigia makofi, nikatamani kuingia chini ya benchi. Sasa nawaza nimwambie Irungu gari ina kesi polisi. Je, kusema ukweli kwa nia mbaya ni dhambi? Nifanye nini?

Selpha, Pap Onditi

Mama Selpha, pole, na uache. Ulijaribu kumfukuza mtu kwa ukweli ukashindwa, sasa unataka kujaribu uongo? Hiyo kesi ya polisi isitoke kinywani mwako. Mambo ya dhambi muulize mchungaji. Mimi naona mume asiyejua lolote. Mgeni umemweleza mpaka habari ya nyoka, lakini Absalom hujamwambia kwamba umechoka. Na maombi gani yanataka mto na njugu? Unapumzika, mama, na hiyo si aibu, wajukuu wanachosha hata ukiwapenda.

Leo jioni mkalishe bwana yako, mwambie yote, pamoja na yale makofi. Gari liende, nyanya zipate maji. Ila kabla hajagusa pesa ya pampu, fundi aje akutengee pembe moja ya stoo kwa mabati, aweke mlango, na komeo liwe upande wa ndani.