Sentimita Kumi na Mbili

Karakana ya Samani,
S.L.P. 418,
9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, na mikono yangu bado ina vidole kumi, jambo ambalo kwa seremala wa umri wangu si haba. Wewe je? Goti linaendeleaje na zile ngazi za ghorofa ya tatu? Kila barua nakuuliza habari za goti, nawe kila barua unanijibu kwamba lipo. Safari hii nina sababu ya kuuliza, na nitaifikia, usiniharakishe.

Najua umeshaomba likizo uje kuiona fainali ya tarehe ishirini na nane. Njoo. Ila mwanangu Mlingoti, ambaye ni wako pia, hatacheza. Nimelisema mapema ili usije ukalisoma ukiwa ngazini.

Unakumbuka alivyoumia. Aliruka kudaka mpira wa kikapu, akatua kwa mguu mmoja, goti likapinda kuelekea ndani, na kitu kikalia. Mimi nilisikia kutoka jukwaani, ingawa wifi yako anasema naongeza chumvi. Ilikuwa ile kano ya katikati ya goti, inayozuia mfupa wa chini usichomoke mbele. Walimpasua, wakamwekea nyingine iliyotolewa nyuma ya paja lake mwenyewe. Sasa ni mwezi wa nane tangu apasuliwe.

Mtaalamu wake wa viungo ni mama mmoja wa maneno machache. Sisi humwita Mama Polepole, maana ndilo jibu lake kwa kila swali. Sharti lake ni kwamba miezi tisa itimie kwanza, na hata ikitimia, mguu ulioumia uruke angalau sehemu tisa kwa kumi za urefu ambao mguu mzima unaruka. Nimelipenda sharti hilo. Ni sharti la fundi.

Basi nikamchorea mstari kwenye sakafu ya karakana. Kila jioni nikishafagia takataka za mbao, anasimama pale kwa mguu mmoja, anaruka, anatulia, nami napiga alama kwa chaki: nyeupe ya mguu mzima, nyekundu ya mgonjwa. Wiki mbili zilizopita nyeupe ilikuwa sentimita mia moja arobaini na mbili, nyekundu mia moja ishirini na moja. Ilikuwa inakuja vizuri, lakini bado.

Ijumaa akarudi kutoka kliniki anaimba. Amefaulu, na kocha ameahidi kumwombea ruhusa ya kucheza kabla hata miezi tisa haijatimia. Karatasi ya vipimo ikawekwa mezani, wifi yako akaanza kupiga pasi jezi. Nikaichukua nikaisoma. Mguu mgonjwa, mia moja na ishirini. Mguu mzima, mia moja na thelathini.

Dada, unajua macho yangu. Sikuhitaji futi. Mguu mgonjwa haukuwa umepanda hata sentimita moja. Ni mguu mzima ulioshuka, sentimita kumi na mbili nzima, ili hesabu ikae sawa.

Ningependa kukuambia kwamba nilimwita papo hapo. Sikumwita. Nilikaa na jambo lile siku nzima ya Jumamosi, nikipaka vanishi kabati ambalo halikuhitaji vanishi, nikijipa moyo kwamba labda siku ile alikuwa amechoka. Nilitaka kumwona uwanjani, na nilitaka wewe umwone. Wifi yako naye, nilipomgusia, akasema, "Si acheze hata dakika kumi tu?" Hizo dakika kumi ndizo zilizonizindua, na najua wewe umeshaelewa kwa nini.

Jumapili asubuhi nikamwonyesha chaki sakafuni, nikamuuliza, "Huu mguu wako mzima nani ameuranda?"

Alicheka, halafu akalia. Akaniambia, "Baba, ule mgonjwa niliruka kwa nguvu zangu zote, wallahi. Shangazi anakuja kutoka mbali kote huko. Aje kuniona nimekaa benchi?"

Sikumgombeza. Jana Jumatatu alikwenda kwa Mama Polepole kusema mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Yule mama hakupandisha sauti. Alimpimisha upya: mia moja arobaini na tatu, na mia moja ishirini na mbili. Akasema, "Umenidanganya mimi, goti ulikuwa unaenda kulidanganya uwanjani. Wiki sita, kisha tunapima tena." Halafu akaongeza, "Polepole," bila shaka.

Atafika, sina wasiwasi hata chembe. Sasa amejipa kazi ya kuwapasha moto wadogo wa timu kabla ya mazoezi. Nimewatengenezea sanduku lenye urefu wa goti. Wanaruka kutoka juu yake, na sharti ni kutua kimya, magoti yamekunjwa na hayabusiani. Akisikia kishindo, anamrudisha mtu juu. Ni mkali kuliko kocha, na wanamwogopa vizuri.

Sasa ile sababu yangu. Wewe ulikuwa na umri wake, goti limevimba wiki tatu na uvimbe umeshuka juzi tu, na timu ilikuwa nyuma kwa pointi mbili. Nilikufunga kitambaa nikakwambia, "Inuka, ni dakika nne tu." Ukaingia, na goti halijapona hadi leo. Tangu siku ile kila anayeuliza namwambia uwanja ulikuwa umelowa, uliteleza. Nimelisema mbele ya wazazi wetu, mbele ya wageni, mbele yako, na hata siku moja hukunikatalia. Uwanja ulikuwa mkavu, dada. Mimi ndiye niliyekuinua. Naomba unisamehe.

Mlingoti nimemweleza yote. Akauliza kama wewe unajua kwamba mimi najua kosa ni langu.

Wifi yako anakusalimu, anasema ulete mikono mitupu, sisi tunakutaka wewe. Msalimie shemeji na wapwa zangu wote, na yule jirani yako anayekubebea mizigo ngazini, Mungu amzidishie. Nawe akupe afya na safari nyepesi.

Siku ya fainali Mlingoti atakaa benchi, na amekuwekea nafasi upande wake wa kulia. Upande wako wa pili uko wazi. Nitakaa mimi, ukiniruhusu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Fundi.