Kwa Kabula, Aliyepata Jibu Nikamtia Kosa

Kabula mwanangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Simu ya baba yako haipatikani tangu mlipoondoka, na shangazi yako hapa Idete anachojua ni kwamba mlielekea kusini na ng'ombe, basi. Ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani. Nitaituma kwenye makundi ya walimu, na nakala nyingine nitaibandika mnadani, maana wafugaji wa kila upande hupita pale. Mwalimu mwenzangu unayeisoma, ukiona darasani kwako msichana mgeni, mrefu, wa la saba, anayeuliza swali kabla hujamaliza sentensi, tafadhali mpe. Ni yake.

Nina siku tano. Ijumaa majina ya watahiniwa wa darasa la saba yanatoka shuleni kwetu kwenda wilayani, na mwalimu mkuu ananiuliza kila asubuhi akuandike vipi. Hilo nitalifikia. Naogopa kulifikia, ndiyo maana naanza na kichuguu.

Unakikumbuka? Kile kikubwa cha nyuma ya goli la upande wa mashamba. Idete nzima mtandao unakuja na kuondoka, lakini pale juu ulikuwa unatulia. Wenzako walikiita mnara. Vitabu vya Sayansi vilikuwa vichache kuliko madawati, kwa hiyo baada ya vipindi nilikuwa napanda pale na simu yangu ya kioo kilichopasuka, natafuta masomo: video za mzunguko wa maji, picha za mizizi, majaribio yanayowezekana kwa chupa tupu na majivu. Siku ya kwanza ulinifuata kwa kisingizio cha kurudisha chaki. Siku ya pili hukuwa na kisingizio chochote.

"We mtoto, kwenu hakuna kazi?" nikakuuliza.

"Zipo, mwalimu. Ila ng'ombe hawana video."

Nilicheka mpaka nikataka kuporomoka. Tangu siku ile tukawa wawili. Kuna yule bwana wa koti jeupe aliyekuwa akieleza moyo wa chura kwa Kiingereza cha mbio, ukaniuliza, "Mwalimu, huyu anakimbizwa na nani?" Kuna somo la majira ya mwaka lililokuwa na majira manne, moja lina theluji hadi madirishani. Ukaliangalia kwa huruma kabisa, ukasema kwetu majira ni mawili tu, la tope na la vumbi, na kwamba hao wenye theluji inaonekana wana shida nyingi. Kesho yake nililifundisha hivyo hivyo, la tope na la vumbi, na darasa zima lilielewa.

Tukajiwekea sheria. Kila tulichokipata mtandaoni tukishushe chini, tukitafutie ndugu yake hapa. Somo la ardhioevu lilikuja na mabata ya nchi za watu. Wewe ukayatoa, ukaweka sheshe, swala wetu wa bondeni, na korongo wanaofuata trekta. Ulikuwa unajua majina ya majani kwa Kisukuma, kwa sababu umekua unayachunga, nami nikawa nayajua kwa Kindamba, na katikati tulikuwa tunagombania la Kiswahili. Nimefundisha miaka mingi, Kabula. Sijawahi kufurahia kazi hii kama miezi ile.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa wiki ya kusubiri wakaguzi. Ofisi nzima ilikuwa imechanganyikiwa, kila mtu anatafuta maandalio ya masomo aliyotakiwa kuyaandika tangu Januari, na mimi nikiwa wa kwanza katika kuchanganyikiwa. Mada yangu ilikuwa viumbe vamizi. Nikapanda kichuguuni peke yangu, mbio mbio, nikapata somo zima lenye maswali na majibu yake, nikalipitisha kwenye tafsiri ya simu, nikashuka nalo. Wewe ulikuwa zamu ya kufagia. Sikukungoja. Sheria yetu niliijua, nikaona leo haina nafasi.

Niliandika ubaoni: kiumbe vamizi ni kile kinachotoka mahali pengine, kikaingia, kikaongezeka, kikaharibu makazi ya wenyeji. Chini yake nikaandika swali: taja viumbe vamizi vinavyopatikana katika mazingira yako. Mimi mzaliwa wa bonde hili. Neno hilo nimelisikia kwenye mikutano ya kijiji, kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, hata nje ya kanisa baada ya misa, na halikuwa likisemwa juu ya magugu, bali juu yenu wafugaji. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini, nikaketi.

Madaftari niliyasahihisha nikiwa na yale majibu ya simu mbele yangu. Somo lile, nimekuja kulisoma vizuri baadaye, liliandikwa kwa watoto wa kisiwa kimoja cha mbali sana, ambako mifugo iliyoletwa na meli ilitoroka, ikaingia porini, ikala kisiwa kizima. Kwa hiyo majibu yao yalikuwa: mbuzi, ng'ombe, panya. Mwenzako mmoja wa dawati la nyuma, unamjua na sitamwandika hapa, alijibu "ng'ombe wa Wasukuma". Mimi nikaona neno ng'ombe, nikaweka vema. Daftari lako likafuata. Ulikuwa umeandika "viwavijeshi vamizi", wale wanaomaliza mahindi yetu, waliokuja majuzi tu kutoka ng'ambo, ambao hata jina lao limebeba jibu. Kwenye karatasi ya kisiwani hawakuwemo. Nikakutia kosa.

Wiki nzima nilikuwa nasikia watoto uwanjani wakiitana, "Mvamizi huyo, mvamizi kaja!" Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilimwambia mwalimu wa Hisabati, "Unasikia? Somo limeingia." Sikugeuza hata shingo kuona aliyekuwa akiitwa ni nani.

Ukaja ofisini na daftari lako. Ukasimama mbele ya meza yangu, ukasema shikamoo, sikumbuki kama niliitikia.

"Mwalimu, viwavijeshi si vamizi?"

"Majibu yametoka mtandaoni, Kabula. Nenda kakae."

Hukuenda. Ulilifunga daftari taratibu, ukauliza, "Kwani huo mtandao unatufahamu sisi?"

"Nimesema kakae."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikijaribu kuyapunguza ukali, yanabaki vile vile. Kesho yake dawati lako lilikuwa na watoto wawili badala ya watatu.

Baba yako alikuja siku ya tatu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, fimbo ameiegemeza ukutani kwa nje kama mtu anayeingia kanisani. Alitusalimia wote, mmoja mmoja, na nikatamani angekuja na matusi. Akasema, "Mwalimu, neno lile nimelizoea. Nimeitwa hivyo na wenye mashamba, nimeitwa hivyo mikutanoni. Halikuwahi kuingia nyumbani kwangu kutoka shuleni: binti yangu kaonyeshwa daftari la mwenzake, neno lina vema ya mwalimu." Halafu akanieleza kwamba yeye alikuwa anahamisha ng'ombe hata hivyo, ila wewe alikwishaamua ubaki kwa shangazi yako umalize la saba. "Sasa mwenyewe kagoma kubaki. Mimi mtoto siwezi kumfunga kamba." Nilianza kueleza habari za kisiwa na tafsiri ya simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akachukua fimbo yake.

Nilikuja kwenu Jumamosi ile. Nilichelewa. Palikuwa na miiba ya zizi, majivu, na ndama mmoja mgonjwa ambaye shangazi yako alikuwa ameachiwa.

Kuna jambo sikumwambia baba yako, na nikiliacha humu barua hii itakuwa bure. Mficha uchi hazai. Mwaka juzi ng'ombe waliingia shamba la kaka yangu, mpunga ukiwa umebeba mimba, wakalala mle usiku kucha. Hatukuvuna kitu. Sikujua ng'ombe walikuwa wa nani, na najua hawakuwa wenu, maana ninyi mlikuwa ng'ambo ya mto. Lakini nilikaa na hasira ile nyumbani kwangu, nikailisha. Kwa hiyo najiuliza, Kabula. Mkono wangu ulipofika kwenye jibu lile, ilikuwa ni karatasi ya simu tu? Neno "Wasukuma" lilikuwa limeandikwa wazi, kwa wino wa bluu, nami najua kusoma. Sijawa na uhakika na jibu, na kutokuwa na uhakika huko ndiko kunakoniamsha alfajiri.

Wakaguzi walikuja, wakasifu kwamba natumia teknolojia. Nilitaka ardhi ipasuke.

Somo lile nimelirudia. Niliwapeleka darasa zima kwenye mahindi ya shule, tukafunua majani ya katikati, tukawatoa viwavi mmoja mmoja, wakiwa na ile alama ya Y kwenye paji. Nikawaambia pale pale shambani kwamba jibu la Kabula lilikuwa sahihi na mimi nilikosea kulisahihisha, kwamba lile jingine lilikuwa baya na mimi nililipitisha, na kwamba watu hawamo katika mada ile, hawakuwahi kuwamo. Yule mwenzako alisema, "Mwalimu, mimi niliandika wanavyosema nyumbani." Nikamwambia, "Najua, mwanangu. Hata nyumbani kwangu wanasema." Kengele ikagonga, tukarudi darasani na viwavi kwenye chupa.

Lakini maji yamemwagika. Hata nikirudia somo mara kumi, wewe hukulisikia.

Sasa hilo la Ijumaa. Mwalimu mkuu hana ubaya na wewe, ila daftari lake lina njia mbili tu. Akikuandika mtoro, jina lako linakufa hapa, na shule yoyote utakayobisha hodi itauliza kwa nini. Akikuandika umehama, inatakiwa fomu ya uhamisho, na fomu hiyo mzazi hakuja kuiomba. Nimemsumbua wiki nzima. Nimemfuata ofisini, nimemfuata nyumbani kwake wakati anakula, mke wake sasa akiniona anaongeza sahani. Ijumaa iliyopita alichoka, akanipa fomu, akasema, "Haya Madam, jaza wewe."

Nimejaza. Maksi zako zote zimo, na ile ya viumbe vamizi nimeisahihisha. Ukirudi, hata kesho, fomu haina kazi, nafasi yako kwenye orodha ya hapa ninaipigania mpaka dakika ya mwisho, na shangazi yako anasema kitanda chako hakijalaliwa na mtu. Ningependa urudi. Nalisema waziwazi ili usije ukadhani nakusindikiza. Lakini kama huwezi kuniona, sitakulaumu. Fomu ameishika shangazi yako, aje mtu yeyote wa kwenu aichukue, ufanye mtihani popote mlipo. Usiache shule kwa sababu yangu. Niudhikie mimi, mtihani usiuache.

Kuna mstari kwenye fomu ile unaosema "Sababu ya kuhama". Wote huandika "kufuata wazazi", na mwalimu mkuu alishanitajia hivyo kabla sijashika kalamu. Niliandika, "Mwalimu wake wa Sayansi alimkosea," nikaweka jina langu kamili na saini. Alipoisoma alivua miwani.

"Madam, hii ikifika juu itakurudia."

"Irudi."

Alichukua muhuri, akaugonga. Kwa hiyo, mwanangu, popote utakapoitoa fomu hiyo, kabla hujafungua mdomo kujieleza, mwalimu atakayekupokea atakuwa ameshasoma kwamba mwenye kosa si wewe.

Wasalimie wazazi. Mwambie baba yako nimesikia.

Nakuaga kwa shida,

Mwalimu wako wa Sayansi,
Idete