Kiboko Niliyemzibia Njia

Jumamosi, jioni. Mchana mvua ilinyunyiza kidogo halafu ikaghairi. Wingu bado limetanda juu ya bwawa. Mikono yangu imejaa mikwaruzo ya miba na mgongo unauma, lakini nisipoandika leo nitapata kisingizio cha kutoandika kabisa.

Mnaonisoma hapa mnakumbuka picha niliyoweka wiki iliyopita: uzio wangu mpya wa miba na senyenge, na nyanya zikiwa salama nyuma yake. Niliandika kwamba nimemshinda kiboko. Nilijisifu sana.

Leo naandika yale ambayo picha haikuonyesha.

Kiboko huyo hutoka bwawani Manchira giza likiingia, huenda kula majani huko juu, na hurudi majini alfajiri. Njia yake ilikatisha shamba langu. Mara mbili nilikuta matuta yamesagwa kama yamepitiwa na trekta. Nikaziba. Hakuonekana tena shambani, na mume wangu, Marwa, alifurahi kuliko mimi. "Mnyama hawezi kutupangia pa kulima," alisema.

Sikujiuliza ameelekea wapi.

Alhamisi kulipopambazuka nilisikia yowe kwa Mama Wankuru, jirani yetu wa upande wa chini, mjane wa umri wa mama yangu. Alikuwa anakwenda kukamua ng'ombe. Kiboko akatokea kwenye migomba yake, anarudi majini, na mama yuko katikati ya mnyama na bwawa. Alijitupa ndani ya zizi, akaangukia mkono. Kiboko alipita karibu kabisa na boma la zizi, akashuka zake. Mama alipelekwa hospitali Mugumu, akarudi amefungwa hogo la plasta mkono wa kulia.

Watu walipotawanyika nilifuata nyayo, kwa kurudi nyuma. Zilipanda kutoka zizini, zikapita kwenye migomba, zikafika kwenye uzio wangu. Pale kwenye njia yake ya zamani udongo ulikuwa umekanyagwa sana, kama alisimama akifikiri. Kutoka pale alikuwa amefuata uzio hadi mwisho wa miba, akakata kona kuelekea kwa Mama Wankuru.

Mimi ndiye niliyempeleka pale.

Siku mbili sikusema. Nilimpelekea uji, nikampa pole, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Leo asubuhi nilishindwa. Nilimkuta amekaa mlangoni, anajaribu kumenya ndizi kwa mkono mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Robhi."

Nikamweleza yote bila kupumzika. Aliendelea na ndizi yake.

"Nilijua," akasema. "Nyayo zenyewe ukubwa wa sufuria, nani asizione? Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe."

Nililia. Akaniacha nilie, kisha nikamuuliza kama tuombe askari wa wanyamapori wampige risasi. Akatikisa kichwa.

"Wakimpiga huyu, bwawa litabaki. Atakuja mwingine." Akaonyesha majini kwa kidevu. "Pale nilikuwa nachunga mbuzi nikiwa msichana. Hakukuwa na bwawa wala kiboko. Maji tuliyaita sisi, na yeye akayasikia."

Hilo limenikaa kichwani mchana kutwa.

Maana siwezi kusema binadamu aache maumbile yalivyo. Mto ungeachwa ulivyo, bila bwawa, mji wa Mugumu ungekunywa nini? Nyanya zangu zingeiva vipi wakati wa kiangazi? Kwetu Nyamwaga, nilikozaliwa, nimeona mama zetu wakichimba mchanga wa kijito kikavu wakitafuta ndoo moja. Sitaki kurudi huko. Lakini nilidhani ukishazuia mto, kila kitu kingine kitatii kama maji yalivyotii. Je, kuna mahali tunapaswa kusimama? Nani anapajua? Mimi mwenye nyanya, au mama mwenye mkono uliovunjika?

Nilimpigia simu afisa wanyamapori. Atakuja Jumatatu kuangalia, ila alisisitiza nisingoje: nifungue njia, na watu wasipite hapo mpaka jua liwe juu.

Marwa alinuna. Nikamshika mkono nikampeleka mpaka zizini, nikamwonyesha nyayo zilivyopita karibu na pale mama alipoangukia. Alizitazama. Kisha akaenda kuleta panga na koleo.

Tumeng'oa matuta mawili ya nyanya, nyingine zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Tumefungua njia ya zamani, na miba tumeihamishia pembeni, kuziba upande wa kwa Mama Wankuru. Kwa hiyo bado namwelekeza mnyama, sijaacha. Nimejifunza tu kuuliza kwanza nani anaishi upande wa pili.

Kesho jua likishapanda nitakwenda kumkamulia mama ng'ombe wake, na nitaendelea mpaka mkono upone. Kabla ya kukamua nitachungulia nyayo kwenye udongo. Huenda kiboko atakuwa amepita tulipomfungulia, huenda atakuwa amechagua kwingine kabisa.

Sijui. Na kwa mara ya kwanza tangu aje, natamani kujua anavyofikiri yeye.